Kutoka Kiasi hadi Ganda: Safari ya Risasi

Neno risasi lilikuwa jina la madini kabla halijawa jina la kitu kinachotoka kwenye mtutu. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni ile metali laini, nzito, ya kijivu, ambayo yeyote mwenye mkaa na chombo cha chuma anaweza kuiyeyusha. Hata leo fundi wa betri za magari akitaja risasi, hana habari na bunduki. Kamusi za Kiswahili za karne ya 19 zilikuwa na neno jingine kwa kile kifurushi chenye baruti na risasi pamoja: kiasi, wingi wake viasi. Jina lilieleza kazi. Kilikuwa kipimo cha baruti ya kutosha kupiga mara moja.

Kati ya kiasi kile na risasi ya kiwandani ya sasa zimepita karne chache tu. Katika muda huo bunduki zimebadilika sura mara nyingi, lakini badiliko zito halikuwa la bunduki yenyewe. Lilikuwa la chakula chake. Swali la nani anaweza kuilisha bunduki ndilo lililoamua bei zake, sheria zake, na mara kadhaa hatima ya vita vilivyopiganwa Afrika Mashariki.

Gumegume na mdeki: hadi 1807

Mwenye bunduki ya gumegume alihitaji mikono miwili, subira na hali nzuri ya hewa. Alimimina baruti mdomoni mwa kasiba, akatia risasi ya mviringo, akashindilia kwa mdeki, kisha akaweka baruti kidogo kwenye kifa, kisahani cha kuwashia. Akivuta mtambo, jiwe la gume lilipiga chuma, cheche ikaruka, baruti ya kifa ikawaka, na moto ukapenya tundu hadi ndani. Askari aliyefunzwa vizuri alipiga mara tatu kwa dakika. Mvua ikinyesha, huenda asipige kabisa.

Ili kuokoa muda, majeshi ya Ulaya yalifunga kila kipimo katika karatasi. Askari alirarua karatasi kwa meno, akamimina baruti, akashindilia risasi na karatasi yake. Hicho ndicho kiasi.

Kuhusu mwendo wa risasi hewani, watu walibahatisha mpaka mwaka 1742, Mwingereza Benjamin Robins alipochapisha mjini London kitabu cha kanuni mpya za upigaji mizinga. Alitundika ubao mzito ubembee kama pendulumu ya saa ya ukutani, akaupiga risasi, akapima umbali ulioyumba. Kutokana na kuyumba huko alipata kasi. Matokeo yaliwashangaza wataalamu wa siku zake: hewa, iliyodhaniwa haina uzito wa kuhesabika, iliizuia risasi kwa nguvu kubwa mno. Robins alieleza pia kwa nini risasi ya mviringo hupinda njiani, na kwa nini kasiba yenye mifuo ya kuizungusha huipeleka sawasawa. Sayansi ya balistiki ilianzia kwenye ubao ule.

Fataki, mafuta na sindano: 1807 hadi 1866

Hatua iliyofuata ilitoka kwa mchungaji wa kanisa. Alexander Forsyth wa Belhelvie, Scotland, alipenda kuwinda ndege wa majini, na ndege hao walimchosha. Waliona mwako wa kifa wakapiga mbizi kabla risasi haijawafikia. Mwaka 1807 alisajili njia ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka inapogongwa. Baada ya miaka michache kemikali hiyo ilitiwa kwenye kikofia kidogo cha shaba, ambacho Waswahili walikiita fataki. Mvua haikuwa tena kikwazo kikubwa.

Mwaka 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié alitoa risasi iliyochongoka mbele na yenye shimo nyuma. Iliingia kasibani bila kulazimishwa, kisha moto ukaitanua ikashika mifuo na kutoka ikizunguka. Askari wa kawaida sasa aliweza kulenga shabaha ya mbali ambayo zamani ilikuwa ya mwindaji hodari tu. Waingereza walichukua wazo hilo katika bunduki ya Enfield ya 1853, na karatasi ya kiasi chake ikapakwa mafuta ili iteleze.

Mafuta hayo yaliiponza himaya. Huko India uvumi ulienea kambini kwamba yametoka kwa ng'ombe na nguruwe, na karatasi ilipaswa kuraruliwa kwa meno. Mhindu na Mwislamu wote waliona dini zao zimeguswa. Manung'uniko mengine yalikuwepo tayari kuhusu ardhi, mishahara na dharau, lakini karatasi ndiyo iliyowasha moto. Tarehe 9 Mei 1857 huko Meerut, askari 85 waliokataa viasi hivyo walifungwa pingu mbele ya wenzao. Kesho yake uasi ulilipuka, na mwaka uliofuata Kampuni ya East India ikapokonywa utawala wa India.

Wakati huo Prussia ilikuwa imeshika njia nyingine. Johann Nikolaus Dreyse aliwahi kufanya kazi Paris kwa Jean Samuel Pauly, Mswisi aliyesajili mwaka 1812 risasi yenye baruti, kiwasho na kitako cha shaba kwa pamoja. Dreyse alirudi kwao na wazo hilo, akatengeneza bunduki inayopakiwa kwa nyuma, yenye sindano inayotoboa karatasi na kugonga kiwasho ndani. Tarehe 3 Julai 1866, kwenye vita vya Königgrätz, Waprussia walipakia wakiwa wamelala chini huku Waaustria wakisimama kushindilia kwa mdeki. Ulaya nzima iliona tofauti.

Ganda la shaba na soko la Unguja: 1866 hadi 1890

Bunduki ya Dreyse ilikuwa na ugonjwa mmoja. Moto ulivuja nyuma, karibu na uso wa mpigaji. Dawa yake ilipatikana katika ganda. Mwaka 1866 Kanali Edward Boxer wa maabara ya jeshi huko Woolwich, Uingereza, na Mmarekani Hiram Berdan, kila mmoja kwa njia yake, walitoa maganda ya shaba yenye fataki katikati ya kitako. Historia ina vichekesho vyake: fataki ya Mwingereza ndiyo iliyotawala Marekani, na ya Mmarekani ikatawala Ulaya.

Wengi hudhani ganda ni mkebe wa kubebea baruti tu. Kazi yake kubwa ni kuziba. Baruti inapowaka, shaba hutanuka na kubana kuta za kasiba hata moshi usipate upenyo. Shinikizo likishuka, hunywea kidogo na kutoka kwa urahisi. Kwa namna hiyo kipimo, fataki, risasi na kizibo vikawa kitu kimoja. Lakini ganda la namna hiyo halitengenezwi na mhunzi wa kijijini. Linahitaji mashine za kukandamiza shaba, kemikali za fataki, na vipimo visivyokosea hata unene wa unywele.

Majeshi yakaanza kukimbizana. Uingereza ilizigeuza Enfield kuwa Snider kuanzia 1866, kisha ikahamia Martini-Henry mwaka 1871. Ufaransa ilitoka Chassepot kwenda Gras mwaka 1874. Ujerumani ilistaafisha bunduki za sindano kwa Mauser ya 1871. Kila badiliko liliacha bohari zilizojaa silaha nzima ambazo serikali hazikuzitaka tena. Bunduki ambayo risasi yake imeachwa na jeshi hushuka bei papo hapo, hata kama haina mkwaruzo. Kanuni hiyo ya soko haijabadilika mpaka leo.

Silaha hizo zilitafuta wanunuzi, na Unguja ilikuwa mlango. Zilishuka bandarini pamoja na vitambaa na shanga, zikapanda bara hadi Tabora na Ujiji, zikarudi zikiwa pembe za ndovu. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, aliionya London kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka.

Hata hivyo, gobore, ile bunduki ya kushindilia mdomoni, halikufa. Hesabu ya mpagazi inaeleza sababu. Mzigo wa kichwani ulikuwa kama kilo 30. Risasi moja ya Martini-Henry ilikuwa na uzito wa takriban gramu 50, kwa hiyo mtu mmoja alibeba risasi 600 hivi kutoka pwani, na zikiisha ni miezi ya safari kuzipata nyingine. Mwenye gobore alinunua baruti ya pipa kwa mfanyabiashara yeyote, akayeyusha risasi yake mwenyewe, na akikosa alitia vipande vya chuma. Bunduki ya ganda ilikuwa bora siku ya kwanza ya vita. Gobore lilikuwa na uhakika wa kuendelea kula.

Wakubwa wa Ulaya waliijua tofauti hiyo. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulizuia kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake katika eneo lote la Afrika kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo na baruti ya kawaida ziliachiwa nafasi, chini ya uangalizi. Mpaka wa kisheria ulichorwa palepale penye ganda.

Bunduki za Lugalo: 1891 hadi 1898

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo karibu na Iringa, Wahehe wa Mkwawa waliuvamia msafara wa Emil von Zelewski uliokuwa ukipita bila tahadhari. Wengi wao walikuwa na mikuki. Askari wa Kijerumani hawakupata nafasi ya kupiga zaidi ya risasi moja au mbili kabla mikuki haijawafikia. Zelewski aliuawa, na Mkwawa akapata bunduki kama 300, pamoja na bunduki ya mtombo na mizinga.

Ilikuwa hazina kubwa, lakini hazina ya kuhesabika. Kila risasi iliyopigwa ilipunguza akiba isiyo na kiwanda nyuma yake. Wajerumani waliporudi na kuivunja ngome ya Kalenga mwishoni mwa Oktoba 1894, walikuta humo silaha nyingi zilizotekwa Lugalo. Mkwawa alipigana vita vya msituni miaka mingine karibu minne, hadi alipojipiga risasi mwenyewe Julai 1898 ili asikamatwe.

Moshi unaondoka, ncha inachongoka: 1884 hadi 1912

Wakati bunduki kuukuu zikizunguka Afrika, maabara za Ulaya zilikuwa mbele tayari. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alipata baruti isiyotoa moshi mwingi, na mwaka 1886 Ufaransa ikatoa bunduki ya Lebel iliyoitumia. Baruti nyeusi ilikuwa imempangia mpigaji masharti mawili: kila akipiga wingu jeupe lilimtangaza alipo, na kasi ya risasi haikuweza kupanda sana. Baruti mpya iliondoa yote mawili. Risasi zikawa nyembamba, zikavikwa koti la metali ngumu ili zisiyeyukie kwenye mifuo, na kasi ikaruka.

Badiliko la umbo lilifuata. Ufaransa mwaka 1898 na Ujerumani mwaka 1905 ziliacha ncha ya duara na kutumia iliyochongoka, kwa sababu ileile aliyoigundua Robins kwa ubao wake: hewa ni adui. Uingereza ilifuata mwaka 1910 kwa risasi ya .303 ya aina ya saba, yenye gramu 11.3 na kasi ya takriban mita 744 kwa sekunde.

Hapa ndipo linapojibiwa swali ambalo kila mgeni wa bunduki huuliza: je, risasi huenda moja kwa moja? Haiendi. Huanza kuanguka mara inapotoka mtutuni, kama jiwe lililoachiwa mkononi. Risasi ile ya .303 hufika mita 300 kwa karibu nusu sekunde, na katika muda huo imeshuka mita 1.2 hivi chini ya mstari wa mtutu. Ya Martini-Henry, iliyotoka kwa mita 410 kwa sekunde, ilichukua muda mrefu zaidi na kushuka zaidi ya mita 3. Ndiyo maana kidungu cha kulengea huinuliwa, mtutu ukaelekea juu kidogo bila mpigaji kuhisi. Kadiri risasi inavyokwenda kasi, ndivyo kosa la kukadiria umbali linavyosamehewa.

Wapo waliotafuta kinga ya risasi badala ya hesabu yake. Mwaka 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu wa kusini mwa Tanganyika maji yaliyoaminiwa kuzigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Imani hiyo iliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana upande mmoja. Agosti mwaka huo, bunduki za mtombo za boma la Mahenge ziliwafyeka washambuliaji kwa mamia.

Wawindaji wa Kizungu nao walikuwa na hesabu zao. Serikali ya Kiingereza ilihofia kwamba risasi za .450, kipimo cha Martini-Henry, zingeangukia mikononi mwa waasi, hivyo mwaka 1907 ikapiga marufuku bunduki za kipimo hicho India na Sudan. Mafundi wa London na Birmingham wakahamia haraka kwenye .465, .470 na .475. Majina hayo yanayotajwa kwa heshima kwenye kambi za uwindaji yalipata umaarufu kwa sababu ya amri ya serikali, wala si kwa sababu ya tembo.

Tembo mwenyewe alithibitisha kwamba ukubwa si kila kitu. Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi nyembamba ya milimita 7. Alipasua mafuvu kwa msumeno ajue ubongo umelala wapi, na alipenda risasi za Kijerumani kwa sababu hazikumwangusha. Kwa walio wengi, jibu lilikuja mwaka 1912 kwa .375 ya Holland & Holland, kipimo ambacho mpaka sasa kinahesabiwa ndicho cha chini kwa wanyama hatari Tanzania.

Risasi zilizoanikwa juani: 1914 hadi 1918

Waingereza waliposhuka Tanga Novemba 1914, askari wengi wa kamanda wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, walikuwa bado na Mauser ya 1871 yenye baruti nyeusi. Kila walipopiga, moshi uliwafichua. Walishinda kwa sababu nyingine, zikiwemo mipango mibovu ya adui na nyuki waliochokozwa, na walipokusanya mateka wakakuta silaha za kisasa za kutosha kombania tatu, bunduki za mtombo 16 na risasi 600,000. Ushindi ule ulikuwa bohari.

Meli za Kiingereza zilikuwa zimefunga bahari, na koloni halikuwa na kiwanda cha risasi. Berlin ikatuma meli ya Rubens ikijifanya ya Kidenmaki. Aprili 1915 manowari ya Hyacinth iliikuta karibu na pwani, ikaifukuza hadi ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikaiacha inaungua na maji yamejaa. Waingereza waliondoka wakijua kazi imekwisha.

Kazi ndiyo kwanza ilianza. Wapiga mbizi waliingia kwenye shehena, makasha yakatolewa moja baada ya jingine. Risasi zilikuwa zimekunywa maji ya chumvi. Zikafunguliwa kwa mikono: risasi ikang'olewa kwenye ganda, baruti ikamwagwa na kukaushwa, fataki mbovu zikatengwa, kisha vyote vikarudishwa. Zikajaribiwa kwa mafungu. Fungu lililowaka vizuri liliwekewa bunduki za mtombo, ambazo risasi moja ikigoma huzikwamisha. Lenye mashaka likapewa waliokuwa wakijifunza shabaha. Mamia ya watu walifanya kwa vidole, kwa wiki nyingi, kazi ambayo mashine za Ujerumani zilikuwa zimeshaimaliza.

Machi 1916 meli ya pili, Marie, ilifika ghuba ya Sudi. Haikuja nyingine. Kuanzia hapo njia ya jeshi ilichorwa na njaa ya risasi. Novemba 1917 Lettow alivuka Ruvuma na tarehe 25 akaiteka kambi ya Wareno ya Ngomano, ambako askari wake walizitupa Mauser za zamani na kuchukua bunduki na risasi za Kireno. Mwaka mmoja baadaye kamili, huko Abercorn ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, jeshi hilo lilisalimisha bunduki zaidi ya 1,000 na risasi zaidi ya 200,000. Bunduki hizo zilikuwa za Kiingereza na Kireno. Jeshi la Wajerumani lilikuwa limegeuka mteja wa maadui zake.

Risasi fupi na viwanda vya nyumbani: 1943 hadi sasa

Vita Kuu ya Pili iliwafunza wahandisi kwamba askari wengi hupigana ndani ya mita 300 au 400, na kwamba risasi ya kufika kilomita ni mzigo wa bure. Ujerumani ilifupisha ganda lake. Umoja wa Kisovieti mwaka 1943 ukabuni lake la 7.62 kwa 39, ambalo mwaka 1949 lilipata bunduki ya kudumu, AK-47 ya Kalashnikov. Kila risasi ilikuwa na takriban gramu 16, theluthi moja ya ile aliyobeba mpagazi wa Martini. Mzigo wa kilo 30 sasa ungekuwa na karibu risasi 1,900. Wapigania uhuru wa Msumbiji waliipenda hata ikaingia kwenye bendera ya taifa lao.

Nchi huru zilikuwa na somo la Manza mbele yao. Tanzania ilianzisha Shirika la Mzinga, Morogoro, mwaka 1974. Kenya ikajenga kiwanda chake Eldoret, kilichoanza kazi miaka ya 1990. Ganda, lililokuja pwani kama bidhaa ya ng'ambo, sasa linatengenezwa bara.

Bunduki za wawindaji wa zamani zimeingia soko jingine. Wanunuzi huuliza kwanza karatasi: watengenezaji wakubwa wa London waliandika kila namba ya bunduki na jina la mnunuzi kwenye madaftari yao, na namba ikilingana bei hupanda. Huuliza pia kama mbao na rangi ya chuma ni za awali, maana kung'arisha upya kunashusha thamani. Kisha huuliza kama risasi zake bado zinatengenezwa. Holland & Holland aliyokuja nayo Theodore Roosevelt Mombasa mwaka 1909 haiulizwi hilo tena. Imo ndani ya kioo kwenye makumbusho ya Frazier, Louisville, Marekani.

Gobore nalo lipo. Vijijini Tanzania mafundi bado wanalitengeneza kwa siri, na polisi wanapotangaza msamaha wa kusalimisha silaha, magobore hujaa mezani. Wachunguzi wa silaha Kongo na Sudan Kusini huokota maganda chini, wakageuza kitako na kusoma alama mbili ndogo zilizopigwa hapo: kiwanda na mwaka. Kutoka hapo hufuatilia kasha, meli na nchi. Penye gobore hawaokoti kitu. Halitoi ganda.